Suiti ya Pili ya Bach kwa Okestra: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Suiti ya okestra ni kitu gani hasa?

Ni mfululizo wa dansi zilizopangwa pamoja, zote kwa ufunguo mmoja, zikitanguliwa na kipande kirefu cha kufungulia. Aliyezoea taarab ya kizamani ya Unguja ataelewa haraka. Kabla mwimbaji hajasimama, kikundi hupiga bashrafu, ala tupu, ili watu watulie na masikio yazoee mahadhi. Ovatura ya suiti inafanya kazi hiyohiyo, ila baada yake haji mwimbaji. Zinakuja dansi, moja baada ya nyingine, kila moja na mwendo wake wa miguu.

Muundo huu ulipendwa sana Ulaya katika zama za Baroko, takriban kati ya 1600 na 1750. Mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach alituachia nne za okestra, zilizopewa namba BWV 1066 hadi 1069 (BWV ni orodha ya kazi zake). Ukurasa huu unahusu ya pili, BWV 1067, kwa ufunguo wa B maina.

Kwa nini ya pili, wakati ya tatu ndiyo maarufu zaidi?

Ya tatu na ya nne ni za D meja, zina tarumbeta tatu na ngoma za timpani, na zinaingia ukumbini kama msafara wa mfalme. Ya kwanza, ya C meja, ina zumari za oboe na fagoti. Ya pili haina hayo yote. Ina filimbi moja, fidla mbili, viola na besi, pamoja na hapsikodi, kinanda cha kale cha nyuzi, ya kujazia. Kwa vile ala ni chache, hakuna kelele ya kumfichia mtunzi kazi yake, na kila sauti unaweza kuifuata kwa sikio tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mtu anayeanza, hiyo ni faida kubwa kuliko tarumbeta.

Ilipigwa wapi, na nani alikuwa akisikiliza?

Karatasi za wapigaji tulizo nazo zilinakiliwa mnamo 1738 au 1739 mjini Leipzig, Ujerumani, na baadhi yake, ikiwemo ya filimbi, ziko kwa mkono wa Bach mwenyewe. Wakati huo alikuwa mwalimu na kiongozi wa muziki wa makanisa ya mji, lakini pia tangu 1729 alikuwa akiongoza Collegium Musicum, kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu na wanamuziki wa mjini ambacho mtunzi Telemann alikiasisi mwanzoni mwa karne hiyo. Alikiacha mwaka 1737, akakirudia 1739, kwa hiyo suiti hii inaangukia hapo hapo katikati. Hakuna tangazo la onyesho lake lililosalia, ila ni vigumu kufikiria kundi jingine la Leipzig lililofaa kuipiga.

Kikundi kilikutana kwenye nyumba ya kahawa ya Gottfried Zimmermann, mtaa wa Katharinenstrasse. Majira ya baridi kilipiga kila Ijumaa kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku. Majira ya joto kilihamia bustanini, Jumatano kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, na wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya mji kilipiga mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo ondoa picha ya ukumbi wenye mazulia na watu waliokatazwa kukohoa. Hapa pana vikombe, na wafanyabiashara waliotoka miji mingine.

Kwa hiyo watu walikuwa wakinyanyuka na kucheza?

Hapana. Na hapa ndipo penye utamu wa suala zima: hizi ni dansi ambazo hakuna aliyezicheza, lakini ukizisikiliza kana kwamba hazina miguu, umezikosa.

Dansi zenyewe zilikuwa za kweli. Zilitoka kwenye jumba la mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, ambaye mwaka 1653, akiwa na miaka 14, alipanda jukwaani mwenyewe na kucheza nafasi ya Jua. Mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi. Kufikia 1700 kulikuwa na kitabu kilichochapishwa Paris kinachoonyesha namna ya kuandika hatua za dansi kwa alama, kama nota zinavyoandika sauti. Kijana wa familia yenye uwezo, awe Paris au Leipzig, alifundishwa minueti kama alivyofundishwa adabu za mezani.

Tuiangalie hiyo minueti kwa karibu. Muziki una mapigo matatu kwa kila kipimo. Hatua kamili ya mchezaji, hata hivyo, inachukua vipimo viwili, yaani mapigo sita, na ndani ya mapigo hayo sita anakanyaga mara nne. Nne juu ya sita. Miguu inakwenda hesabu moja na fidla zinakwenda nyingine, kisha zinakutana mwisho wa kipimo cha pili. Mtu aliyekaa na kahawa yake kwa Zimmermann alikuwa na hesabu hiyo mwilini tangu utotoni. Hakuhitaji kusimama. Bach aliposogeza nota moja nje ya mahali ilipotarajiwa, msikilizaji huyo aliihisi kwenye goti kabla ya kuielewa kichwani.

Sisi hatukufundishwa minueti, ndiyo maana muziki huu unaweza kutufikia kama mapambo tu. Dawa yake si ngumu: hesabu kwa kidole mezani, tafuta pigo zito liko wapi, kisha angalia ni mara ngapi mtunzi anakuhadaa.

Ina vipande gani?

Saba. Kwenye rekodi utakuta majina ya Kifaransa: Ouverture, Rondeau, Sarabande, Bourrée, Polonaise, Menuet na Badinerie. Chote kwa pamoja ni kama dakika 20 na kidogo, na ovatura peke yake inaweza kula karibu nusu ya muda huo ikiwa wapigaji watafuata marudio yote.

*Ovatura* inaanza kwa mwendo wa kifalme: nota ndefu, nota fupi ya haraka, nota ndefu, nota fupi. Ni mtindo wa Jean-Baptiste Lully, Mwitaliano wa Florence aliyegeuka kuwa bwana wa muziki wa Louis XIV, na shabaha yake ya awali ilikuwa mfalme aingie na kuketi. Kisha kasi inabadilika ghafla. Sauti moja inatoa wazo, nyingine inalidaka, ya tatu inafuata, zinafukuzana. Hapo ndipo filimbi inapojitenga kwa mara ya kwanza na kuanza kuzungumza peke yake, okestra ikimjibu kwa wazo lilelile. Mwishoni mwendo wa polepole unarudi, safari hii kwa mapigo matatu, na una huzuni kuliko ulivyoanza.

*Rondo* ni wimbo wenye kiitikio. Unakisikia, unapelekwa pembeni, unarudishwa kwake. Mwendo wake ni wa gavoti, dansi ya Kifaransa: sentensi inaanza katikati ya kipimo, kana kwamba mtu amekuja na maneno mdomoni tayari.

*Sarabandi* ndiyo niipendayo kuliko zote, na ndiyo watu wanaoiruka. Dansi hii ina historia ya fujo. Ilikuwa dansi ya mitaani ya Wahispania, ikahesabiwa kuwa chafu, ikapigwa marufuku Uhispania mwaka 1583. Ilipofika Ufaransa ilipoozwa taratibu hadi ikawa dansi ya polepole yenye heshima, pigo la pili likiwa zito, mchezaji akisita juu yake. Bach anaongeza jambo ambalo hukuombwa ulione: wimbo wa juu unafuatwa na besi, nota kwa nota, ikiwa nyuma kidogo na chini zaidi. Ni kanoni. Filimbi inasema, besi inarudia, na kati yao fidla ya pili na viola zinafanya mambo yao kama hawajui chochote. Unaweza kuisikiliza mara nyingi usigundue, na muziki haupungui kitu. Jaribu mara moja kuisikiliza kwa besi tu, tangu mwanzo hadi mwisho, uisahau filimbi.

*Burei* ni mbili. Ya kwanza ina besi inayorudia kifungu kifupi bila kuchoka, na ya pili ni ya filimbi, imeandikiwa ipigwe kwa ulaini. Kisha ya kwanza inarudiwa.

*Polonezi* ni dansi ya Kipolandi, na haikufika Leipzig kwa bahati. Leipzig ilikuwa ndani ya Saksonia, na mtawala wa Saksonia, August aliyeitwa Mwenye Nguvu, alikuwa mfalme wa Poland tangu 1697, na mwanawe akamfuata. Chochote cha Kipolandi kilikuwa fasheni na pia siasa. Sikiliza sehemu yake ya pili, iitwayo dabo: fidla na viola zinanyamaza, ule wimbo uliokuwa juu unashuka kwenye besi, na filimbi inatarizi juu yake kwa nota za haraka. Chelo mmoja, filimbi mmoja na hapsikodi. Baada ya okestra nzima, ni kama wengine wametoka nje wakawaachia wao chumba.

*Minueti* ni fupi na haina makuu. *Badineri* inastahili swali lake.

Badineri ndiyo ule mlio wa simu?

Ndiyo. Wengi waliokuwa na simu za vibonye mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 walikuwa na Bach mfukoni bila kujua. Mlio ule ulikuwa wa sauti moja nyembamba, na haukuharibika sana, maana wimbo wenyewe umejengwa kwa nota za kodi moja (nota kadhaa zinazopatana zikipigwa pamoja), inayoshuka ngazi.

Kwa wanakwaya wanaosoma sol-fa, hesabu *la* kuwa nota B. Mwanzo unakwenda hivi: *la, do-la, mi, la-mi, do, mi-do, la*. Nota moja ya nusu pigo, mbili za robo pigo, nusu, robo mbili, nusu, robo mbili, kisha inatulia. Imbeni polepole kwanza. Mtaona kwamba hakuna nota hata moja isiyo ya kodi ya B maina, ila namna inavyorukaruka wakati wa kushuka inaifanya ionekane kama mtu anayeteremka ngazi mbilimbili huku anacheka. Jina lenyewe ni la utani na mchezo. Haina hatua maalumu, kwani si dansi ya kujifunza kwa mwalimu.

Kwa mpiga filimbi si utani hata kidogo. Pa kuvuta pumzi ni pachache, na wapigaji wengi wanaikimbiza mno kwa sababu hadhira inatarajia ikimbizwe. Mimi naona ikipigwa kwa kasi ya wastani, vifungu vikatamkwa vizuri, inachekesha zaidi.

Mbona mwanzoni siisikii filimbi?

Kwa sababu sehemu kubwa inapiga nota zilezile za fidla ya kwanza. Inaipaka rangi tu. Inatoka peke yake kwenye sehemu ya haraka ya ovatura, burei ya pili, dabo ya polonezi na badineri. Filimbi ya wakati huo pia haikuwa ya chuma. Ilikuwa ya mbao, yenye kibonyezo kimoja tu, sauti yake ya kahawia kuliko ya fedha, na nyepesi kufunikwa. Ukitaka kusikia uhusiano huo, tafuta rekodi iliyopigwa kwa ala za mtindo wa kale, mpiga mmoja kwa kila sauti. Okestra ya fidla ishirini ikimzunguka mpiga filimbi mmoja, inabidi fundi mitambo afanye muujiza.

Nimesikia haikuandikwa kwa filimbi. Ni kweli?

Huenda. Kwenye zile karatasi za 1738–39 kuna makosa ya kunakili ambapo nota imeandikwa hatua moja chini ya ilipopaswa kuwa, kisha ikasahihishwa. Makosa ya namna hiyo hutokea mtu anapohamisha muziki kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine huku ananakili. Kwa hiyo wachunguzi wengi wanakubali kwamba kulikuwa na toleo la awali la A maina. Mtafiti na mwanamuziki wa Marekani, Joshua Rifkin, alienda mbali zaidi akasema kiongozi wa toleo hilo alikuwa fidla. Ziko rekodi zilizopigwa hivyo, na zinasikika vyema, hasa ovatura. Badineri kwa fidla, kwa sikio langu, inapoteza nusu ya ucheshi wake.

Ni muziki wa kanisa?

Huu si wa kanisa. Swali linaeleweka, kwani Waluteri wa Tanzania wamekua na nyimbo za Kijerumani ambazo Bach alizipanga kwa sauti nne, na wengi wanamjua kwa njia hiyo tu. Lakini ukuta kati ya nyumba ya kahawa na kanisa haukuwa mnene kwake. Sehemu ya ovatura ya suiti ya nne aliitumia kuwa kwaya ya kufungulia katika kantata (kazi ya kuimbwa ibadani) ya Krismasi ya 1725, BWV 110, ambayo maneno yake yanasema vinywa vyetu na vijae kicheko. Mwendo uleule wa mfalme kuingia, safari hii kwa mtoto wa horini. Kwaya yoyote inayodhani dansi haina nafasi madhabahuni imsikilize kwanza.

Kwa nini rekodi mbili za suiti hii zinatofautiana kiasi hiki?

Kuna sababu nyingi, lakini tatu zinatosha. Vikundi vya ala za kale kwa kawaida hushusha nota A, ile ya kulinganishia ala, hadi herzi 415, wakati okestra za leo zinatumia karibu 440, kwa hiyo chote kinashuka nusu sauti na nyuzi za utumbo zinalegea na kupoa. Pili ni idadi ya wapigaji, tumeshaigusa. Tatu ni zile nota fupi za ovatura: wengine wanazipiga kama zilivyoandikwa, wengine wanazibana ziwe fupi zaidi na kali, na wataalamu wamebishana juu ya hilo kwa miongo. Zile rekodi za katikati ya karne ya 20, nzito na za polepole, zina uzuri wake, ila sarabandi yake hakuna mguu wa binadamu ungeweza kuicheza bila kuanguka.

Ile "Air" inayopigwa harusini iko wapi humu?

Haimo. Iko kwenye suiti ya tatu, ya D meja. Tarumbeta, oboe na timpani zote zinanyamaza, zinabaki nyuzi na hapsikodi, besi ikitembea taratibu chini ya fidla. Mnamo 1871 mpiga fidla Mjerumani, August Wilhelmj, aliishusha hadi C meja ili ipigwe yote kwa uzi mmoja wa G, na ndipo ilipopata jina ililo nalo hadi leo, "Air on the G String". Inapigwa harusini na mazishini, bila kubadilishwa nota hata moja.

Suiti hiyohiyo ya tatu ndiyo mtunzi kijana Mendelssohn alimpigia mshairi Goethe kwa piano mjini Weimar mwaka 1830, mwanzo wa ovatura. Mzee akasema anaona msururu wa watu waliovaa vizuri wakiteremka ngazi kubwa. 

Baada ya hii nisikilize nini?

Anza na suiti ya Telemann ya A maina kwa filimbi ya kuchomeka mdomoni na nyuzi. Ni jirani wa karibu kabisa wa hii. Telemann ameacha zaidi ya suiti 100 za namna hii, nyingine nzuri, nyingine za kujipatia riziki. Kisha mtunzi Handel: muziki wake wa majini ulipigwa tarehe 17 Julai 1717 juu ya mashua kwenye mto Thames, wapigaji wapatao 50, na Mfalme George I akaupenda hadi akaagiza urudiwe. Na ukitaka kujua ladha ilitoka wapi, nenda kwa Lully mwenyewe.

Nota zinapatikana bure? Naweza kuutumia muziki huu kwenye video?

Muziki wenyewe hauna mwenye haki tena, kwani Bach alikufa mwaka 1750, na matoleo ya zamani ya nota yanapatikana bila malipo mtandaoni, yakiwemo yaliyochapishwa Ujerumani katika karne ya 19. Matoleo mapya yaliyohaririwa na wachapishaji wa leo yana haki zake. Rekodi ni jambo jingine kabisa: kila okestra inamiliki upigaji wake, na video yako inaweza kuzuiwa kwa sababu ya dakika moja ya badineri. Njia salama ni kutumia rekodi iliyotolewa waziwazi kwa matumizi huru, au mpige wenyewe. Filimbi moja na kinanda vinatosha kwa badineri, na mpigaji wa kinanda asikanyage kanyagio la kurefusha sauti.